Paa la Jirani

"Zimamoto" ni neno jepesi. Kitenzi kimegandana na jina, basi: zima, moto. Mtoto wa darasa la kwanza analielewa bila kamusi. Sasa nikikwambia, ndugu msomaji, kwamba kuna wakati watu wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wakiwahi kurudi majumbani kabla ya giza kwa kumwogopa mzimamoto, utanicheka. Cheka tu, lakini usifunge jarida.

Kati ya miaka ya 1920 na 1950, huko Nairobi, Kampala na miji mingine ya Afrika Mashariki, ilivuma habari kwamba kuna watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Damu hiyo, eti, ilikuwa ikipelekwa kwa Wazungu kutengenezewa dawa. Pwani kwetu watu hao waliitwa mumiani, kwingine chinjachinja. Lakini jina lililoenea kuliko yote bara lilikuwa jina la kazi halali kabisa yenye mshahara: wazimamoto. Mwanahistoria wa Kimarekani Luise White alizikusanya simulizi hizo kwa wazee, na mwaka 2000 akazitolea kitabu kizima.

Wasomi wana maelezo yao marefu juu ya jambo hili. Mimi nina langu fupi. Jiweke mahali pa kibarua wa mjini wa miaka ile. Unaliona gari jekundu linalong'aa. Wapo wanaume wenye sare na kofia ngumu wanaokaa kutwa wakisubiri. Wanasubiri nini? Nyumba za mtaani kwenu zimeungua, tena si mara moja, na gari hilo hukuliona. Sasa hawa jamaa wanalipwa kwa kazi gani? Hadithi ya damu ilikuwa jibu la swali hilo. Jibu lilikuwa la uongo. Swali lilikuwa la kweli kabisa: hivi, gari hili linazima moto wa nani?

Swali hilo nataka tulipeleke kusini, Mtwara, kwenye ule ukanda wa pwani unaoanzia Mikindani na kuishia mdomoni mwa mto Ruvuma. Vijana wa Dar tumezoea kuitania Mtwara kwamba ni mbali, kwamba ni mwisho wa dunia. Haya, ni mbali. Ndiyo maana historia yake ya moto ni karibu yote historia ya watu waliouzima wenyewe.

Tuanze na paa, maana moto wa pwani ni habari ya paa.

Nyumba ya kawaida ya ukanda ule ilijengwa kwa miti na fito, ukutani ukakandikwa udongo. Juu yake mwamba, makombamoyo, pao, na juu ya pao makuti. Na makuti hayatupwi tu pale juu kama nyasi za zizi. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya ufito na kushonwa moja moja mpaka yawe kipande kirefu, kisha vipande hufungwa kwenye pao kwa kamba, safu juu ya safu, kila safu ikilalia ya chini yake. Hiyo kamba ikumbuke, tutairudia. Paa likishamaliza viangazi viwili vitatu, limekauka kama karatasi. Mwezi wa nane, kusi inapuliza, jikoni uani kuna mafiga, ndani kuna kibatari juu ya kinu kilichopinduliwa. Cheche moja inatosha. Paa zima huteketea kwa dakika chache, na mara nyingi ukuta wa udongo hubaki umesimama, mweusi, bila kofia.

Basi unapigwa ukunga. Anayeusikia hajiulizi nani mwenye nyumba. Anaacha jembe, anaacha bao, anaacha samaki kwenye kikaango (huo ndio mwanzo wa moto wa pili, lakini tuache utani). Watu wanaofika hujigawa bila kugawiwa. Wako wanaotoa vyombo nje: vitanda, masanduku, magodoro, mzee aliyelala. Katika hao wako wanaookoa, na wako wanaookoa moja kwa moja, vyombo havionekani tena. Wako kina mama wenye ndoo na madebe, kwa sababu wao ndio wanaojua ni kisima gani kina maji saa ile. Wako wanaomwaga mchanga. Na wako vijana wachache wenye mapanga ambao hawaigusi kabisa nyumba inayoungua.

Hao ndio ninaowasemea. Wao wanakwenda kwenye nyumba ya pili, ile iliyo upande upepo unakoelekea. Nyumba nzima, salama, haina kosa lolote. Wanapanda juu na kuanza kukata zile kamba. Mwenye nyumba yuko chini, anatazama. Pengine anapiga kelele, pengine wao wanamwambia, "Mjomba, tuwie radhi," huku makuti yakiporomoka vipande kwa vipande. Paa likiisha kushuka, yanavutwa mbali, na moto unapofika unakuta kuta za udongo na mbingu. Hauna pa kukanyaga. Unakufa hapo.

Mtaani tunasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na kweli, wengine hufanya hivyo hivyo: moto uko kwa jirani, wao wanamwagia maji paa lao. Lakini maji ya kisima hayatoshi kulowesha mtaa. Kilichookoa vijiji vya makuti si maji. Ni mtu mmoja kukubali, au kukubalishwa, kupoteza paa lake zima ili nyumba ishirini zilizo nyuma yake zisalie. Kesho yake hakuna hakimu wala fidia. Kuna ujima: watu wanakata makuti, wanashona, wanaezeka kwa yule aliyeunguliwa na kwa yule aliyebomolewa. Unaona, bima ilikuwepo kabla ya kampuni za bima, ila malipo yake yalikuwa makuti.

Ukitaka kujua mji wa makuti unakuwaje pasipo na mtu wa kupanda juu na panga, rudi Mombasa, Agosti 1505. Wareno wa Francisco de Almeida waliingia bandarini na kuuchoma mji. Mombasa ilikuwa na nyumba nzuri za mawe, lakini katikati yake kulikuwa na nyumba na mabanda yaliyoezekwa makuti, na moto ukapita humo. Uliwaka usiku kucha, na hata nyumba za mawe zikaanguka. Jiwe haliungui, lakini limezungukwa na vinavyoungua. Mikindani nayo ilikuwa mji wa namna hiyo, nyumba za matumbawe na chokaa zikipakana na za udongo, na tajiri na maskini wakilala chini ya hatari moja.

Sasa panda juu, uende Newala. Hapo mambo yanabadilika, maana uwanda wa Makonde una ardhi, una misitu ya vichaka, una watu, lakini hauna mito. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa Newala akiandika habari za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Alishangazwa na jambo moja ambalo wenyeji walilizoea: maji yalikuwa chini mabondeni, na mtu aliyafuata kwa miguu, akateremka genge, kisha akapanda nayo kichwani. Wazee walimpa na sababu ya kukaa juu. Katika asili yao, mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka kuwa mwanamke. Walipokaa karibu na Ruvuma mtoto alizaliwa amekufa. Waliposogea, hivyo hivyo. Walipofika juu uwandani, mtoto akaishi. Tangu hapo ikawa mwiko kukaa karibu na maji.

Hebu fikiri maana yake siku ya moto. Ndoo moja ya maji ni safari ya nusu siku. Nani atammwagia moto safari ya nusu siku? Maji yale ni ya kunywa mtoto. Uwandani paa ni la nyasi na dawa ya moto ni mchanga, matawi mabichi ya kuupiga, na lile lile panga. Na kwa moto wa porini ni moto mwenyewe: unachoma ukanda mbele yake, ukifika haukuti chakula. Watu wa mijini tunasema "dawa ya moto ni moto" tukimaanisha ugomvi. Kule ni maelekezo ya kazi.

Nisiwapake watu wa kusini asali. Huko huko moto umetumika pia kama silaha, na kila aliyepita amekuwa na kiberiti chake. Mwaka 1905, vita ya Majimaji ilipoanza, wapiganaji walizichoma misheni za Nyangao na Lukuledi. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mashamba sehemu kubwa ya kusini, mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Na juzi juzi, Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma, wakaingia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mto ule ule, karne nyingine.

Lakini kuna jambo la Wajerumani ambalo linanikera zaidi ya kiberiti chao. Wao kwao, hasa kuanzia miaka ya 1840, walikuwa wameunda vikosi vya zimamoto vya kujitolea, mji kwa mji, kijiji kwa kijiji. Fundi viatu, mwokaji mikate, seremala, kengele ikilia wanaacha kazi, wanavaa kofia, wanavuta pampu. Mpaka leo Ujerumani ina watu kama milioni moja katika vikosi hivyo, na wazimamoto wa mshahara ni wachache mno ukilinganisha. Huenda ofisa aliyeamrisha boma la Mikindani mwaka 1895 alikuwa na kaka yake kwenye kikosi cha namna hiyo kijijini kwao. Walipofika Mikindani waliwakuta watu ambao, ukunga ukilia, wanaacha kazi na kukimbilia moto. Ni kitu kile kile! Wakakiona? La hasha. Walichokiona ni vibanda vya nyasi. Huko Dar es Salaam, katika kanuni za ujenzi za 1891 na baadaye za 1912, waliuchora mji kwa kanda: hapa majengo ya Kizungu, kule vibanda vya wenyeji. Badala ya kumpa mwenye kibanda pampu, walimsogeza mbali.

Wachile walifanya tofauti. Valparaíso ilipata kikosi chake cha kujitolea mwaka 1851. Santiago ilipata chake mwaka 1863, baada ya kanisa moja kuungua likiwa limejaa waumini na kuua watu wapatao elfu mbili. Mpaka leo wazimamoto wa Chile hawalipwi mshahara. Ila wana magari, wana mipira, wana mafunzo, wana vituo vyenye majina wanayoyaonea fahari. Kujitolea kwao ni kutoa muda na ujasiri, wengine wakatoa pampu. Kwetu neno "kujitolea" limekuwa na maana ya kutoa kila kitu: muda, ujasiri, ndoo na paa.

Turudi pwani. Mtwara yenyewe, huo mji wa leo, ni mtoto wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walibuni mpango wao mkubwa wa kulima karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo, na wakaanza kujenga bandari yenye kina kirefu, reli na mji mpya kabisa kwenye peninsula iliyo jirani na Mikindani. Mji ulichorwa kwa ukubwa wa ndoto: barabara pana, viwanja vikubwa, nyumba zimeachana. Mpango ukafa Januari 1951, bandari ikakamilika 1954 karanga zikiwa zimeshageuka kichekesho, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukitembea leo Shangani utaona mji uliovaa suti ya kaka mkubwa.

Kwa upande wa moto, suti ile pana ni nzuri sana! Moto hauruki barabara pana. Lakini tazama ni nani aliyepewa nafasi kati ya nyumba na nyumba. Wakubwa wa Shangani na Ligula walipata bustani. Wabeba mizigo na wauza samaki wa Magomeni na Chikongola walijibana. Na zimamoto rasmi ilikua pale penye mali: bandari lazima iwe na namna ya kuzima moto, uwanja wa ndege vile vile, maana kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinadai gari la zimamoto pale ndege za abiria zinapotua. Siwalaumu, ndege ikiwaka nani ataizima kwa mchanga? Nasema tu kwamba lile swali la kibarua wa Nairobi limefika hapa nalo.

Kisha vikaja vijiji. Kusini hili lilianza mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa sababu ya vita ya ukombozi wa Msumbiji ya 1964 hadi 1974. Watu wa kando ya Ruvuma walikuwa wakisogezwa mbali na mto na kukusanywa pamoja kwa ajili ya ulinzi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia 1976 karibu nchi nzima ilikuwa imehamishwa. Sehemu mbalimbali nyumba za zamani zilichomwa au kubomolewa ili wenyewe wasirudi. Hayo yameandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni hesabu ya moto. Mtu aliyekuwa akiishi shambani kwake, jirani yake akiwa upande wa pili wa mikorosho, sasa alipangwa kwenye mstari kando ya barabara, paa kwa paa. Shule ilisogea karibu, zahanati ikasogea, na moto pia ukasogea karibu. Kwa bahati ukunga nao ulisikika haraka zaidi, na kijiji kilikuwa na mgambo na kamati zake. Mbiu ikilia, watu wa kuitikia walikuwepo. Vifaa vilibaki vile vile vya mwaka 1905.

Ninyi mnaotafuta visa vya hadithi fupi kila siku mkaishia kuandika mapenzi ya chuo, visa viko huku. Yule mwenye paa lililobomolewa, na upepo ukageuka dakika ile ile, moto ukaenda upande mwingine: atasema nini na jirani yake kesho msikitini?

Mimi naamini, na hapa nasema langu, kwamba badiliko kubwa kuliko ukoloni na kuliko vijiji limeletwa na bati. Bei ya korosho ikipanda, jambo la kwanza mkulima wa Tandahimba au Nanyamba analofanya ni kushusha nyasi na kupandisha mabati. Ana haki. Bati halivuji, halitaki kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na cheche ya jirani ikiangukia juu yake inazimika yenyewe. Ule moto wa zamani wa kula mtaa mzima umepungua nguvu. Lakini nyumba ya bati na matofali inawaka kwa ndani. Kuna dari, magodoro ya sponji, makochi, waya za umeme zilizofungwa na fundi wa kijiweni, mtungi wa gesi. Na kwa kuogopa wezi, kila dirisha limewekewa nondo, mlango ni mmoja nao una geti. Nyumba ya udongo, ukizidiwa, unatoboa ukuta kwa jembe unatoka. Ya tofali na nondo inataka mkasi wa chuma, na mkasi huo uko kwenye gari jekundu.

Tumeshaonyeshwa hili kwa gharama kubwa, tena si Mtwara. Juni 1994, Shauritanga huko Rombo, zaidi ya wasichana 40 walikufa kwa moto wa bweni. Agosti 2009, Idodi huko Iringa, wasichana 12. Septemba 2020, Kyerwa huko Kagera, watoto 10. Kila mara mjadala wa nondo za madirisha na milango ya mabweni ulirudi magazetini, ukakaa wiki mbili, ukaondoka. Mabweni mangapi ya kusini yanafanana na hayo? Uliza uliposoma.

Na wale vijana wenye mapanga? Kamba hazipo tena. Bati limepigiliwa misumari, na kulibomoa haina maana kwa kuwa si lenyewe linalobeba moto. Ujuzi wote ule wa nani apande wapi na upepo unaelekea wapi hauna kazi mbele ya nyumba inayofuka moshi kwa ndani huku geti limefungwa. Watu bado wanakimbia. Wanafika, wanasimama. Wengine siku hizi wanatoa simu wanarekodi. Tunawasema sana hao wa simu, eti hawana utu. Sawa, lakini wapewe nini mkononi badala ya simu?

Mwaka 2013 unanipa taabu kuueleza. Januari watu walichoma ofisi, nyumba na magari Masasi. Mei, bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma na kuthibitisha bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, moto ukawaka Mtwara mjini, daraja la Mikindani likaharibiwa, watu wakafa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na kwa miaka mingi wenyeji waliahidiwa kwamba itawafuta umaskini papo hapo ilipo. Watu waliolelewa kukimbilia moto waliuwasha wenyewe. Sisemi walifanya vizuri. Nyumba za watu binafsi ziliungua, na aliyeunguliwa hakuwa na mtu wa kumwezekea. Nasema kwamba ule mkataba wa kale, wa leo lako kesho langu, ulikuwa umesimama juu ya imani kwamba hasara inagawanywa. Walipoona faida haigawanywi, na hasara waliikataa.

Bomba lilikamilika 2015, zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar. Mwanzo wake ni Madimba, na kiwanda cha kusafishia gesi kimejengwa pale. Kiwanda cha gesi hakiendeshwi bila mitambo yake ya kuzima moto, na ni lazima iwe hivyo. Sasa toka kidogo, nenda Msimbati, kijiji kilicho karibu na visima vyenyewe. Nyumba za makuti bado zipo, mikorosho na minazi bado ipo, kuni bado zinawaka chini ya sufuria. Gesi inapita chini ya ardhi ya kijiji ikielekea kuwaka mahali pengine.

Tangu Sheria Na. 14 ya 2007 tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la nchi nzima, badala ya kila halmashauri ya mji kuwa na kikosi chake. Limo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na namba yake ya dharura ni 114, bure. Ni hatua, nami siidharau. Askari wake wanaingia pale ambapo wewe na mimi tunatoka mbio. Lakini gari ni gari. Kutoka mjini Mtwara hadi Msimbati ni kama kilomita 40, sehemu kubwa mchanga. Kwenda Newala ni zaidi ya 100. Paa la makuti, tumeshasema, ni dakika chache. Hata dereva angekuwa malaika, hesabu haikubali.

Kwa hiyo mambo ya kudai si makubwa kiasi cha kutisha. Pampu ndogo ya kuvuta kwa mkono au kuendeshwa kwa mota, kwenye kata. Mkasi wa kukatia nondo ofisini kwa mtendaji. Vijana kumi wa kijiji wafundishwe na jeshi hilo hilo, wapewe buti na cheti. Kilwa, mkoani Lindi, vijiji vinavyomiliki misitu ya mpingo vimefundishwa kuchoma mapema, majani yakiwa hayajakauka sana, ili moto mkubwa wa mwezi wa tisa usikute kitu. Ni ule ule ujuzi wa kuuandalia moto njaa, ila sasa una ratiba na daftari. Kama umewezekana kwa mti wa kuchongea zumari, utashindikanaje kwa paa la mtu?

Hata hivyo kuna moto mmoja ambao hauna daftari bado. Ugonjwa wa ubwiriunga unapoishika mikorosho, mkulima hupuliza salfa, ile unga ya njano, kwa bomba linalotumia petroli. Salfa inawaka, na moshi wake unakaba koo kabla moto haujakufikia. Ghala hana, na nje wezi watachukua, maana mfuko mmoja ni pesa. Basi kila mwaka kuanzia mwezi wa tano au wa sita, mikorosho ikijiandaa kutoa maua, mifuko ya salfa inaingia chumbani, madumu ya petroli yanafuata, yanapangwa chini ya kitanda, na watoto wanalala juu.